Muziki kama Tafsiri: Mfano wa Solaris

Tumezoea kuipima tafsiri kwa maneno. Hata hivyo, iko tafsiri isiyotumia neno hata moja, nayo ni muziki wa filamu.

Chukua Solaris, riwaya ya kubuni ya kisayansi ya Stanisław Lem (1961), ambamo bahari ya sayari ya mbali humrudishia mgane mkewe aliyekwisha kufa. Katika filamu ya Andrei Tarkovsky (1972), Eduard Artemyev aliitengea sayari milio ya kielektroniki, ilhali utunzi wa Bach kwa kinanda hurejea mara kadhaa kama kumbukumbu ya dunia. Ngeni na asili hutenganishwa. Katika filamu ya Steven Soderbergh (2002), Cliff Martinez alichanganya okestra na ngoma za chuma zenye asili ya Trinidad. Hapo sayari na majonzi ya mgane husikika kwa sauti moja.

Lem alilalamika kwamba alichoandika ni habari ya kukutana na kisichofahamika, wala si ya mapenzi. Basi mwanafunzi wa tafsiri asiishie kuuliza ni ipi iliyo aminifu. Aulize pia kila moja imekuwa aminifu kwa nini.