Msokonoi: Gome, Majani, Unga au Mche?

Kwa muuzaji wa mitishamba, msokonoi huja kwa sura tatu: vipande vya gome, majani makavu, na unga kwenye pakiti. Wakikuyu huuita mũthĩga, Wamaasai osokonoi, na wataalamu wa mimea Warburgia ugandensis. Ni mti wa misitu ya nyanda za juu za Kenya, Uganda na Tanzania, uliotumika tangu zamani kutuliza kikohozi, maumivu ya jino na ya tumbo. Siku hizi wauzaji wameongeza sifa nyingine: antioksidanti, yaani kemikali zinazozuia uharibifu unaoletwa na oksijeni. Kabla hujatoa pesa, ujue kwamba gome na majani havibebi kitu kimoja.

Gome: unalipia ukali

Tafuna kipande kidogo. Baada ya muda mfupi ulimi unawaka kama umelamba pilipili. Ukali huo hutoka kwa kemikali kama poligodiali na waburganali. Mwaka 1976 Isao Kubo, Koji Nakanishi na wenzao walieleza jinsi kemikali hizo zinavyomfanya kiwavijeshi akatae kula. Maabara pia zimeonyesha kwamba poligodiali hudhuru kuvu na baadhi ya bakteria. Hiyo ndiyo nguvu ya gome. Antioksidanti gome linazo, lakini ukali wa ulimini si kipimo chake.

Majani: hapa ndipo flavonoidi zilipo

Mwaka 2003 wanakemia walichapisha orodha ya flavonoidi walizozipata katika majani ya msokonoi, za jamii ya kuasetini na kemferoli. Hizi ni antioksidanti zinazojulikana vizuri; kuasetini imo pia katika vitunguu maji. Nyingi zimeshikamana na sukari ndani ya jani, hivyo hutoka kwa urahisi kwenye maji ya moto. Kikombe cha chai kinatosha kuzitoa. Huhitaji mashine wala kileo.

Unga: unalipia usichokiona

Gome zima unaweza kulionja na kulinusa. Jani zima unaweza kulikagua: juu ni la kijani iliyoiva na linang'aa, chini limefifia. Unga hauna ushahidi huo, na kuchanganywa na kitu kingine ni rahisi. Ukilazimika kuununua, dai pakiti inayotaja jina la mmea, sehemu iliyosagwa, uzito na tarehe.

Usivutwe na namba kubwa za antioksidanti pia. Kipimo kimoja kinachotumika sana maabara huangalia jinsi rangi ya zambarau inavyofifia kuwa manjano ndani ya chupa. Mwilini mambo ni mengine. Nchini Finland, utafiti uliotangazwa mwaka 1994 uliwafuatilia wanaume 29,133 wavutaji sigara. Waliopewa vidonge vya betakarotini, ambayo nayo ni antioksidanti, walipata saratani ya mapafu zaidi kwa asilimia 18 kuliko ambao hawakupewa. Kuongeza dozi si kuongeza afya.

Hesabu ya kikombe

Usilinganishe bei ya pakiti kwa pakiti; linganisha kikombe kwa kikombe. Tuchukue mfano wa kufanyia hesabu tu. Gramu 50 za unga wa gome kwa shilingi 200, ukitumia gramu 2 kila mara, ni vikombe 25, yaani shilingi 8 kila kimoja. Gramu 30 za majani makavu kwa shilingi 60 ni vikombe 15, yaani shilingi 4. Pakiti yenye gramu nyingi yaweza kuwa ghali kuliko ndogo. Majani mabichi nayo yasikudanganye kwenye mizani: sehemu kubwa ya uzito wake ni maji, kwa hiyo kilo mbichi si sawa na kilo kavu.

Kuna gharama nyingine ambayo haiandikwi kwenye pakiti. Gome la ndani ndiyo njia inayopeleka chakula kutoka majanini hadi mizizini. Mti ukichunwa kuzunguka shina lote, mizizi hufa njaa na mti hukauka. Tawi lililochumwa majani kwa kiasi huchipua tena. Muulize muuzaji gome limetoka wapi na limechunwaje. Asipojua, afadhali uliache.

Uchague nini?

Ukitafuta antioksidanti, nunua majani. Ukitafuta ule ukali wa kutuliza koo, kipande kidogo cha gome kutoka mti uliopandwa kinatosha. Unga uwe chaguo la mwisho. Kama shida yako ni malaria au kikohozi kilichopita wiki mbili, pesa hiyo ikupeleke zahanati kwanza. Mjamzito na anayetumia dawa za kila siku wamwone daktari kabla ya kunywa.

Mwenye shamba nyanda za juu ana chaguo la nne: mche mmoja. Mbegu za msokonoi hupoteza uhai haraka zikikauka, hivyo zipandwe zingali mbichi, au ununue mche uliokwisha kushika kwenye kitalu. Utanunua mara moja, na mti ukishakomaa utachuma majani mwaka hadi mwaka bila kugusa shina.