Fundi wa Video, Kijue Chombo Chako Kabla ya Kutoa Fedha



Wapo wenzetu wengi ambao, zamu ikiisha kiwandani au shambani, hushika kazi ya pili ya kupiga video za harusi, mazishi na kwaya. Mjini Mbarara na katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, kazi hii inawapa vijana riziki. Nakivale ilianzishwa mwaka 1958, na leo humo wanaishi watu kutoka Kongo, Burundi, Rwanda, Somalia na kwingineko. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inawaruhusu kufanya kazi. Sherehe hazikosekani, na kila mwenye sherehe anataka kumbukumbu.

Siku hizi wateja wanadai video ya 4K. Hapo ndipo mfanyakazi anapopata hasara. Anachukua akiba ya mwaka mzima, ananunua kompyuta yenye taa za rangi, na akifika nyumbani video inakatakata.

UZITO WA KAZI

Picha ya HD kamili ina nukta 1920 kwa 1080, yaani zipatazo milioni 2. Picha ya 4K ina 3840 kwa 2160, zaidi ya milioni 8. Mzigo umekuwa mara 4. Kamera inayorekodi kwa megabiti 100 kwa sekunde hujaza gigabaiti 45 kwa saa moja. Harusi ya saa 4 kwa kamera 2 ni gigabaiti 360. Mwenye diski ya gigabaiti 256 amekwama kabla hajaanza.

VIPANDE VYENYEWE

Kwanza ni prosesa. Video ya kamera imebanwa sana ili ienee kwenye kadi, na kompyuta hulazimika kuifungua tena wakati wa kuhariri. Mara nyingi kazi hiyo ndiyo huilemea mashine, wala si kasi ya diski. Prosesa nyingi za Intel zina sehemu maalumu ya kufungua video. Zile za mezani ambazo jina lake huishia na herufi F hazina sehemu hiyo, na bila kadi ya picha hazionyeshi chochote kwenye kioo. Soma herufi hiyo kabla ya kulipa.

Pili ni ramu. Gigabaiti 16 ni mwanzo, 32 ni afadhali. Chagua ubao mama wenye nafasi 4, ili uongeze fedha zikipatikana.

Tatu ni diski. Weka programu na kazi ya sasa kwenye SSD, na kazi zilizokwisha kwenye diski kubwa ya kuzunguka, ambayo ni rahisi zaidi. Nakala ya pili iweke nyumba nyingine. Harusi hairudiwi.

Nne ni kadi ya picha. Programu ya DaVinci Resolve, ambayo ina toleo la bure, huitegemea sana. Lakini usinunue kadi ya fahari ukabaki na ramu haba.

Ikiwa mashine yako ni ya zamani, usiitupe. Programu za kuhariri zinaweza kutengeneza nakala nyepesi za video. Hariri kwa hizo, kisha mwishoni programu itarudi kwenye video halisi.

UMEME

Nyumba nyingi za Nakivale hutegemea jua. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 hubeba wati-saa 1200. Ikiwa ni ya risasi, isitumiwe zaidi ya nusu. Kompyuta ya mezani inayokula wati 300 itamaliza nusu hiyo kabla ya saa 2. Kompyuta ya kupakata hula kidogo zaidi, ila vipande vyake vingi havibadilishwi. Basi mwenye umeme wa uhakika Mbarara anunue ya mezani, pamoja na UPS ya kumpa dakika za kuhifadhi kazi umeme ukikatika. Wa Nakivale aanze na ya kupakata. Wote wajihadhari na powasaplai isiyo na jina. Ikiungua huweza kuunguza na vingine. Vumbi nalo lipulizwe kila mwezi.

Kipande kilichotumika kijaribiwe dukani nusu saa, video ikicheza. Dai risiti.

BEI YA JASHO

Mwenye kiwanda huhesabu uchakavu wa mashine zake. Nawe uhesabu. Tuchukue mfano: kompyuta ya shilingi milioni 3, ikifanya kazi 100 kabla ya kuchakaa, imekula shilingi 30,000 kwa kila harusi. Fedha hizo zitolewe kwanza, ndipo ujira uhesabiwe. Asiyefanya hivyo anamfanyia mteja kazi kwa hasara yake mwenyewe.

Na ikiwa mmoja hawezi, watatu wanaweza. Changeni, andikianeni mkataba wa zamu na matengenezo, mmiliki chombo kwa pamoja. Mkopo wa riba kubwa humfanya fundi awe kibarua wa mkopeshaji.

Umoja ni nguvu.