PIKIPIKI NDOGO NA MPAKA WA NGUVU ZAKE

Siku hizi ni vigumu kufika kijiji chochote cha Kenya usikute pikipiki. Hapo kale mkulima alipeleka mazao yake sokoni kwa kichwa au kwa punda. Baadaye ikaja baiskeli, na katika miaka ya 1960 watu wa mpakani Busia wakaanza kuchukua abiria kwa baiskeli kutoka upande huu hata upande huu, na ndipo lilipotoka jina la bodaboda. Kisha mnamo mwaka 2008 Serikali iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki zisizozidi cc 250, na tangu hapo pikipiki ndogo zimeenea kila mahali. Mkulima anayo, karani anayo, na asiyekuwa nayo yumo katika kuweka akiba.

Jambo hili ni jema. Walakini wengi wetu twanunua chombo hiki bila kujua mpaka wa nguvu zake, na aghalabu twaujua siku ya hasara. Mimi niliujua kwa hasara, nami nataka kuwaeleza wasomaji habari hiyo ili wao waijue kwa kusoma tu.

ASUBUHI YA JUMATATU

Mimi ni mkulima wa Kinangop, mahali palipo juu kadiri ya mita 2,500 kutoka usawa wa bahari. Nina ng'ombe wa maziwa, na mteja wangu yuko Naivasha, bondeni, yapata mita 600 chini ya shamba langu. Ninayo pikipiki ya cc 100. Mdogo wangu ni karani mjini Naivasha, na kila mwisho wa juma huja nyumbani.

Jumatatu moja alfajiri nilikuwa nimekwisha kufunga mitungi miwili ya maziwa, kila mtungi lita 20. Mdogo wangu akatoka na mfuko wake, akaitazama pikipiki, akasema, "Kaka, mimi nitapanda matatu. Wewe peleka maziwa."

Nikamjibu, "Nauli ya nini, nasi tuna chombo chetu wenyewe? Panda twende."

Hakubishana nami, kwa kuwa mimi ni mkubwa wake. Alipanda.

Sasa tufanye hesabu ambayo sikuifanya siku ile. Mimi nina kilo 75, naye ana kilo 65. Lita moja ya maziwa ina uzito wa kilo moja na kidogo, basi mitungi miwili pamoja na vyombo vyake ilikuwa kama kilo 45. Jumla ni kilo 185. Kitabu kilichokuja na pikipiki yangu chaagiza ya kwamba mzigo wote, pamoja na dereva mwenyewe, usizidi kilo 130. Kitabu hicho kilikuwa kabatini tangu siku niliyoinunua, nami sikuwa nimekifungua hata mara moja.

Mwanzoni mambo yalikuwa sawa. Tulipoanza kuteremka niliona pikipiki yakimbia vizuri, nikaitoa gia ili kuokoa petroli, nikawa naizuia kwa breki tu. Baada ya muda nikasikia harufu ya kitu kinachoungua. Nikakanyaga breki ya nyuma, nayo ikaingia mpaka mwisho bila kushika. Nikashika ya mbele, lakini pikipiki haikupunguza mwendo ipasavyo, na mbele yetu palikuwa na kona na lori lililokuwa likipanda. Nilichagua mtaro.

Mwenyezi Mungu alituhurumia, hatukufa. Maziwa lita 40 yalimwagika yote. Mdogo wangu alivunjika kifundo cha mkono, mkono wa kulia, ule autumiao kwa kazi. Karani asiyeweza kushika kalamu ni kama mkulima asiye na jembe. Alikaa wiki nyingi na mkono ukiwa umefungwa, na kila nilipomtazama nilikumbuka nauli ile niliyoiona kuwa kubwa.

KWA NINI BREKI ZILISHINDWA

Niliipeleka pikipiki kwa fundi mmoja mzee, nikamlalamikia ya kwamba breki ni mbovu. Aliifungua, akanionyesha vile vipande viwili vinavyosugua kitovu cha gurudumu kwa ndani. Vilikuwa vyeusi na kung'aa kama kioo.

"Mwanangu," akasema, "breki hizi hazikuwa mbovu. Wewe ndiwe uliyezipika."

Maneno yake ni kweli kabisa. Chombo kinapoteremka, nguvu ya uzito wake haina budi kwenda mahali fulani. Pikipiki na watu na mzigo, jumla kilo 295, ikishuka mita 600, hutoa nguvu ambayo ikigeuka yote kuwa joto yatosha kuchemsha lita tano za maji baridi. Sehemu ya nguvu hiyo huchukuliwa na upepo na magurudumu, lakini nyingine yote huingia katika breki. Breki za pikipiki ndogo ni ndogo vilevile, nazo zikipata joto kupita kiasi huacha kushika, hata ukizikanyaga kwa nguvu zako zote.

Dawa yake ni gia. Yafaa kuteremka katika gia ileile ambayo ungeitumia kupanda mlima huo. Ukifanya hivyo injini yenyewe huizuia pikipiki, na breki hubaki baridi, tayari kwa siku ya haja. Anayeitoa gia mlimani huokoa petroli kidogo sana, naye hutupa msaidizi wake mkubwa.

NGUVU ZA INJINI MLIMANI

Watu wengi hudhani cc ni nguvu. Si hivyo. Hesabu ya cc ni nafasi iliyomo ndani ya silinda, pale pistoni inapokwenda juu na chini. Nafasi hiyo hujazwa hewa na petroli, na kadiri hewa inavyokuwa nyingi ndivyo nguvu zinavyokuwa nyingi. Injini ya kawaida ya cc 100 hutoa nguvu za farasi wapatao 8, lakini hizo ni nguvu za mahali palipo karibu na usawa wa bahari, kama Mombasa.

Huku kwetu milimani hewa ni nyepesi. Kwa kila mita 300 unazopanda, injini hupoteza kama sehemu 3 katika 100 za nguvu zake. Nairobi imekwisha kupoteza sehemu 15 au zaidi. Kinangop, na kule Timboroa ambako reli hupita mahali pa juu kushinda mita 2,700, injini imepoteza karibu robo. Basi farasi wako 8 ni 6 tu na kidogo, na milima ndiko hasa wanakohitajiwa.

Kwa hiyo pikipiki iliyowachukua watu wawili bila taabu huko pwani itapanda mlima wetu katika gia ya pili, ikilia. Kulia huko si ishara njema. Injini hizi nyingi hazina maji ya kuzipoza; hupozwa na upepo wa mwendo wake. Ikipanda polepole huku umefungua mafuta yote, joto ni jingi na upepo ni haba. Tena injini hii hutumia kama lita moja tu ya mafuta ya kulainisha. Ikipungua nusu, hakuna akiba, na pistoni huweza kukwama. Kwa sababu hiyo mwenye pikipiki hana budi kupima mafuta hayo mara kwa mara, na baada ya kupanda mlima mrefu yafaa apumzike dakika chache mahali penye kivuli.

Jambo jingine: kabureta iliyotengenezwa kwa hewa ya pwani hutoa petroli nyingi mno milimani, na plagi hufanya masizi meusi. Fundi anaweza kuirekebisha. Lakini mtu akienda kukaa pwani baadaye, airudishe kama ilivyokuwa, maana petroli ikiwa chache kuliko hewa injini hupata joto la kuiharibu.

BARABARA KUU NA MWENDO

Twaona vijana wakienda safari ndefu kwa pikipiki ndogo katika barabara kuu, wameinama juu ya tangi, mafuta yamefunguliwa yote. Ni vema wajue adui wao ni nani. Adui ni upepo. Mwendo ukiongezeka mara mbili, kutoka kilomita 40 kwa saa hata 80, nguvu zinazohitajiwa kuushinda upepo huongezeka mara nane. Ndiyo sababu pikipiki yako hufika kilomita 70 kwa urahisi, kisha ikakataa kuongeza hata ukiibembeleza. Haina ugonjwa. Imefika mwisho wake.

Mwendo huo wa mwisho haufai kutumiwa kama mwendo wa kila siku, kwa kuwa dereva hana akiba tena. Basi likija nyuma yake hawezi kulikimbia. Akitaka kulipita lori hatamaliza upesi, na gari jingine litakuwa limetokea mbele. Lori kubwa likimpita, upepo wake humsukuma na kumvuta. Katika barabara ya namna hiyo, mwenye cc 100 na akae upande wake wa kushoto na kuwaachia wakubwa njia.

Tena kuna habari ya kusimama. Mwendo ukiwa mara mbili, nafasi ya kusimamia breki zinaposhika huwa mara nne. Mtu anayekwenda kilomita 60 kwa saa husafiri karibu mita 17 katika sekunde moja tu, kabla mkono wake haujaishika breki. Akiwa na abiria na mzigo, au barabara ikiwa na maji, na aongeze nafasi zaidi.

MZIGO NA MAHALI PAKE

Si uzito tu, bali na mahali uzito ulipo. Gunia la mahindi la kilo 90 likifungwa nyuma ya ekseli ya gurudumu la nyuma, huinua gurudumu la mbele, na usukani huwa mwepesi kama wa mtoto. Mlimani pikipiki hiyo huweza kusimama kwa gurudumu moja na kumwangusha dereva chali. Mzigo na uwe chini, na uwe karibu na dereva, umefungwa kwa kamba isiyolegea. Mitungi ya maziwa ijazwe mpaka juu au ipelekwe mitupu, kwa maana mtungi uliojaa nusu huchezacheza, na kila kona maziwa huivuta pikipiki upande wake.

Sheria ya barabara ya Kenya yamruhusu mwendesha pikipiki kuchukua abiria mmoja tu, na yaagiza wote wawili wavae kofia ya kujikinga na koti lenye kung'aa. Wako wanaodhani sheria hii ni ya kuwasumbua maskini. Hesabu niliyoieleza hapa yaonyesha ya kwamba sheria na injini zasema neno moja.

YAFAA KUNUNUA?

Huenda msomaji akauliza: Je, basi nisinunue? La, nunua, ikiwa kazi yako ni ya kadiri yake. Pikipiki ndogo huenda kilomita 50 au hata zaidi kwa lita moja ya petroli ikiendeshwa kwa upole. Hupita vijia ambavyo gari haliwezi kuvipita. Injini ndogo si kitu cha kudharauliwa: Honda Super Cub ilianza mwaka 1958 ikiwa na injini isiyofika cc 50, na kufika mwaka 2017 zilikuwa zimetengenezwa zaidi ya milioni 100. Imefaulu kwa sababu watu waliipa kazi inayoiweza.

Kabla ya kununua, pima kwanza kazi yako. Jumlisha uzito wako, wa abiria na wa mzigo, kisha uulize kitabu chake. Ikiwa wakaa milimani na mzigo wako ni mzito kila siku, ongeza akiba ununue ya cc 150, au uende safari mbili. Safari ya pili huonekana kuwa hasara, lakini ile yangu ya Naivasha ingalinigharimu nauli moja ya matatu tu.

Mkono wa mdogo wangu umepona, ijapokuwa asema ya kwamba mwandiko wake si kama ule wa zamani. Siku hizi kila Jumatatu humpa nauli mimi mwenyewe. Yeye hupanda matatu, nami hufuata nyuma na maziwa yangu, peke yangu, katika gia ya pili.