Likizo Huja Mpunga Ukiwa Ghalani

Ukiuliza Chita, katika Bonde la Kilombero, kama kijana aliye mwaka wa pili chuoni ana kazi, mzazi humjibia: "Bado anasoma." Wengi huona jibu hilo limetosha. Kitakwimu halijatosha.

Kwa kanuni za Shirika la Kazi Duniani (ILO), asiye na ajira ni mtu ambaye katika wiki inayoulizwa hakufanya kazi ya kipato hata saa moja, anatafuta kazi, na yuko tayari kuianza. Kusoma hakumwondoi mtu katika hesabu hiyo. Mwanafunzi asiyetafuta wala kufanya kazi huwekwa nje ya nguvukazi. Anayeitafuta akaikosa hana ajira, sawasawa na aliyemaliza chuo.

Hapo ndipo jaruba la mpunga linapoleta utata. Tangu azimio la wataalamu wa takwimu za kazi la mwaka 2013, kulima chakula cha nyumbani si ajira. Binti anayepandikiza na mama yake mpunga wa kula wiki nzima anaweza kuhesabiwa hana ajira. Mwenzake aliyepata kibarua cha kupalilia asubuhi moja tu huandikwa ana ajira. Mpunga ukiwa hasa wa kuuza, binti yule naye huhesabiwa ana kazi, hata kama hakulipwa senti.

Tatizo kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni kalenda. Bonde la Kilombero hulima kwa mvua: jembe na trekta huingia mashambani mvua zikianza mwishoni mwa mwaka, kisha kupandikiza, kupalilia, kuamia ndege, na mavuno yanayofika kilele kati ya Mei na Julai. Miezi hiyo mwanafunzi yuko darasani au anafanya mitihani. Vyuo vikuu vingi hufunga mwaka wa masomo karibu na Agosti na kufungua Oktoba au Novemba. Anaporudi Chita, mashamba mengi yamebaki mabua. Kazi iliyopo imehamia kwenye mashine za kukoboa, maghala na magari ya wanunuzi, na huko nafasi zimeshashikwa na waliokuwepo msimu mzima. Anayesomea afya Ifakara ana ugumu wake: mafunzo ya wodini humlia hata siku ambazo angefanya kibarua.

Kwa hiyo kumwita mvivu kijana anayekaa nyumbani Septemba ni kumdhulumu. Ametafuta kazi wakati msimu umekwisha.

Naomba Halmashauri ya Mlimba, vyama vya ushirika na wenye maghala watenge kazi za muda kuanzia Agosti hadi Oktoba: kupima na kupanga madaraja ya mchele, kutunza leja za stoo, kuandikisha wakulima kabla ya msimu mpya. Wazitangaze Juni, wanafunzi wakiwa bado vyuoni, ili waombe mapema.