Shule zikifungwa tena, mwanao atasoma vipi?

MZAZI mpenzi, hebu jiulize: shule zikifungwa ghafla kesho asubuhi, mwanao atasoma vipi? Usidhani hili ni swali la kutisha watu bure. Mnamo Machi 15, 2020, siku mbili tu baada ya serikali kutangaza kisa cha kwanza cha Covid-19 humu nchini, Rais Uhuru Kenyatta aliamuru shule zote zifungwe. Wanafunzi wa kutwa walibaki nyumbani kuanzia siku iliyofuata, nao wa mabweni wakapewa hadi Jumatano wawe wameondoka.

Wengi wetu tulidhani ni likizo fupi. Lakini wanafunzi wa Gredi ya 4, Darasa la Nane na Kidato cha Nne walirejea Oktoba 12, na wenzao wote wakangoja hadi Januari 4, 2021. Hiyo ni miezi tisa na ushei. Mtoto aliyefungia shule akianza kusoma sentensi za kwanza alikuwa na muda wa kutosha kuzisahau zote.

Ni wakati huo ambapo masomo ya mtandaoni yalikuwa wimbo midomoni mwa watu. Katika shule za kibinafsi zenye uwezo, mwalimu aliketi mbele ya kipakatalishi naye mwanafunzi akamfuata kupitia Zoom au Google Classroom, sare ikiwa imepigwa pasi kama siku zote. Hata huko hakukukosa zogo, kwani kuna wazazi waliokwenda mahakamani wakipinga kulipa karo ya kawaida kwa masomo ya kwenye kioo.

Serikali nayo haikulala. Taasisi ya Ukuzaji Mitaala nchini (KICD) ilipeleka vipindi vya masomo katika redio za KBC, katika runinga kupitia Edu Channel, na vingine ikaviweka kwenye YouTube na katika maktaba yake ya mtandaoni. Aidha, kulikuwa na huduma ya Shupavu 291, ambapo mwanafunzi aliletewa maswali na majibu kwa ujumbe mfupi hata kwenye ile simu ndogo tunayoiita mulika mwizi.

Ukiitazama orodha hiyo, utasema hakuna mtoto aliyekosa pa kusomea. Mambo hayakuwa hivyo.

Vifaa vilikuwa wapi?

Sensa ya mwaka 2019, iliyofanywa miezi michache tu kabla ya janga hilo, ilikuwa imekwisha kutupa jibu. Kati ya kila familia 100 nchini, zilizokuwa na redio ni kama 57, na zilizokuwa na runinga ni kama 41. Zilizokuwa na intaneti ni kama 18. Kuhusu tarakilishi, kipakatalishi au tableti, hazikutimia hata familia tisa. Kwa hivyo, somo lililotolewa kwa Zoom pekee liliwaacha nje watoto wengi hata kabla mwalimu hajafungua kinywa.

Tangu 2016, serikali ilikuwa imesambaza zaidi ya tableti milioni moja katika shule za msingi za umma. Zingefaa sana wakati huo. Lakini zilikuwa mali ya shule, nazo shule zilikuwa zimetiwa kufuli.

Mnamo Julai 2020, kampuni ya Loon ya Marekani kwa ushirikiano na Telkom Kenya ilirusha mitambo ya intaneti angani kwa maputo yaliyoelea umbali wa kilomita 20 hivi juu ya ardhi. Ulikuwa ufundi wa kustaajabisha. Hata hivyo, puto halimpi mtoto simu, wala halimnunulii mama yake bando. Mwaka uliofuata Loon yenyewe ilifungwa.

Mwezi huo huo wa Julai, Waziri wa Elimu wa wakati huo, marehemu Prof. George Magoha, alitangaza kwamba mwaka wa masomo wa 2020 umepotea. Mitihani ya KCPE na KCSE ya mwaka huo ilifanywa baadaye, mwaka 2021. Ili kufidia muda uliopotea, mihula ilifupishwa na kubanwa, na kalenda ya kawaida haikurejea hadi Januari 2023.

Aliyefundisha ni nani?

Lakini mgala muue na haki umpe. Wako watoto walioendelea kusoma katika miezi ile, na si wote waliotoka katika nyumba za kitajiri. Siri ilikuwa nini?

Fikiria familia ya ploti ya chumba kimoja. Watoto ni watatu, simu yenye intaneti ni moja, nayo hushinda kazini mfukoni mwa baba. Mwalimu akiweka somo saa nne asubuhi, watoto hao hawapo. Lakini akirekodi maelezo ya dakika tano kwa sauti yake, akapiga picha ya zoezi na kuvituma kwenye kundi la WhatsApp jioni, baba akirudi somo limefika. Mtoto anaandika kwenye daftari, anapigwa picha, na kesho yake mwalimu anarudisha kazi iliyosahihishwa. Bando linalohitajika ni dogo mno likilinganishwa na la Zoom.

Tazama jambo moja hapo: kazi ilirudi. Redio huzungumza lakini haisikii. Mtoto aliyekwama kwenye sehemu za hesabu hawezi kuinua mkono mbele ya redio, naye mtangazaji hajui kwamba kuna aliyebaki nyuma. Atakosea leo, kesho atajenga juu ya kosa hilo, na mwisho wa mwezi atasema hesabu ni ngumu. Kifaa hupeleka somo, anayefundisha ni yule anayerudi kuuliza, “Umefika wapi?”

Na si lazima awe mwalimu. Dada wa kidato cha tatu anaweza kusahihisha kazi ya mdogo wake. Mama asiyejua sayansi anaweza kumwambia mtoto, “Nieleze ulichosoma leo,” akasikiliza tu. Mtoto akishindwa kueleza, wote wawili watajua kwamba somo halijaingia.

Jitayarishe sasa

Huenda ukasema yale yamepita. Kumbuka mwaka 2024, mafuriko yalipochelewesha muhula wa pili hadi Mei 13. Hapakuwa na virusi, ilikuwa mvua tu, na watoto wakabaki nyumbani tena.

Basi fanya haya mapema. Hakikisha una nambari ya mwalimu wa darasa, naye ana yako. Tunza vitabu na madaftari ya mwaka uliopita badala ya kuyauza kwa wafunga njugu, kwani umeme ukipotea kitabu hakizimiki. Kama simu ni moja, andikeni ratiba yake ukutani, na mtahiniwa apewe zamu ya kwanza. Kwenye mkutano wa wazazi, uliza waziwazi shule ina mpango gani iwapo milango itafungwa, na mtoto asiye na simu atafikiwa vipi. Shule isiyo na jibu leo haitalipata siku ya dharura.

Kisha umwangalie binti yako. Mtoto wa kike akiwa nyumbani huonekana hana kazi. Atatumwa maji, ataachiwa mtoto, atapika, na jua litakapotua hajafungua kitabu. Saa mbili zake za kusoma ziheshimiwe kama vile yuko darasani, na kakake ashike ndoo.

Nawe mwanafunzi unayesoma ukurasa huu, usingoje mwalimu akutafute. Ukikwama, andika swali lako na umtumie. Katika miezi ile tisa, wengi walikuwa na maswali lakini hawakuwa na wa kumuuliza. Mtafute wako leo, kabla kengele haijanyamaza.