Je, Wajua? Shairi Huanzia Sikioni

Sema kwa sauti: "Nyakato hadi Mwisenge." Rudia huku ukikunja kidole kwa kila silabi: Nya-ka-to-ha-di-Mwi-se-nge. Vidole 8. Sasa sema: "Musoma na Butiama." Vilevile 8. Je, wajua kwamba hicho ndicho kipimo cha kipande kimoja cha shairi la kimapokeo? Vipande viwili vinafanya mshororo wa mizani 16, na mishororo minne ya namna hiyo ni ubeti wa tarbia. Kipimo hicho tayari kimo mdomoni mwetu, kwenye majina ya mahali tunapopita kila siku.

Wengi wetu tulikutana na mizani kwenye mtihani. Hesabu, taja vina, taja bahari, eleza dhamira, subiri alama. Tukamaliza shule tumechambua mashairi mengi na hatujafurahia hata moja. Nami nilikuwa hivyo hadi jirani yangu mmoja hapa Nyakato, Musoma, mzee ambaye macho yamechoka, aliponiomba nimsomee diwani yake ya zamani. Nikaisoma mbio kama tangazo la mnada. Mshororo wa pili akaninyooshea kiganja: "Mwanangu, pumzika kwenye kina cha kati. Umenipita." Nikarudi mwanzo, nikapumzika pale aliposema. Maneno kadhaa sikuyajua maana yake, lakini kina cha kati kiliponiacha nivute pumzi, nilipata hamu ya kusikia cha mwisho kitatua wapi. Miaka yote ya darasani sikuwahi kuwa na hamu hiyo.

Mzee hakubuni jambo jipya. Mashairi yetu yalitungwa ili yaghaniwe. Utendi wa Tambuka, ambao nakala yake ya Pate ni ya mwaka 1728, uliandikwa kwa hati za Kiarabu na una beti zaidi ya 1,000, na kina kinachofunga kila ubeti kinarudi kilekile tangu mwanzo hadi mwisho. Msikilizaji hahitaji kuona karatasi. Kina hicho kikitua, anajua ubeti umekamilika. Kwetu mkoani Mara hata wasiowahi kushika diwani wanalijua jambo hili. Wakurya wana ritungu, ala ya nyuzi, na mpigaji wake akianza kusifu au kuomboleza, hakuna anayemkatiza kumwuliza dhamira.

Je, wajua kwamba mtu mashuhuri kuliko wote waliozaliwa Butiama alikuwa pia mtu wa ushairi? Mwalimu Julius Nyerere, aliyeanza shule Mwisenge mwaka 1934, alitoa tafsiri ya tamthilia ya Shakespeare, Julius Caesar, mwaka 1963, akiwa Rais. Kinachonigusa zaidi ni kwamba hakuridhika. Alirudi kuipitia upya, na mwaka 1969 ikatoka tena kwa jina la Juliasi Kaizari, mwaka uleule wa Mabepari wa Venisi. Mtu mwenye nchi nzima mabegani aliona inafaa kutafuta muda wa kunyoosha mistari yake mwenyewe.

Kazi yake isiyotajwa sana ni tenzi za Biblia: Injili zote nne na Matendo ya Mitume, vitabu 5 vilivyochapishwa Ndanda-Peramiho mwaka 1996. Ukiniuliza mtu anayeogopa ushairi aanzie wapi, nitamwelekeza huko bila kusita, hasa kama amekulia kanisani. Kisa anakijua tayari. Hatasumbuka kujiuliza nini kimetokea, kwa hiyo sikio linabaki huru kufuata mapigo.

Vuka maji sasa. Mshairi Euphrase Kezilahabi alizaliwa Namagondo, Ukerewe, tarehe 13 Aprili 1944. Mwalimu alizaliwa tarehe 13 Aprili 1922. Siku moja, ziwa moja, na njia mbili za kutunga zilizo mbali kabisa. Diwani ya Kezilahabi, Kichomi, ilitoka mwaka 1974 ikiwa na mashairi yasiyofuata vina wala mizani, na wanamapokeo wakawaka. Sheria walikuwa nazo kitabuni tangu mwaka 1954, Kaluta Amri Abedi alipochapisha Sheria za Kutunga Mashairi. Wakasema hayo si mashairi. Mimi naona ni mashairi, ila yanadai pumzi ya namna nyingine: mstari unapokatika ndipo pa kusimama, hata kama sentensi haijaisha.

Tarehe 13 Aprili imepata maana nyingine tena. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu ilitolewa kwa mara ya kwanza tarehe 13 Aprili 2023, na ushairi ni mojawapo ya nyanja zake.

Kichomi ni kitabu chembamba. Ukitoka Bunda kwenda Kisorya kupanda kivuko cha Ukerewe, kinakaa mfukoni bila shida. Wiki iliyopita nilikipeleka kwa mzee, nikijua vina ndivyo vilivyomlea. Nikamsomea shairi moja fupi, nikisimama kila mstari ulipokatika. Alikaa kimya muda mrefu, kidole kimoja kimekunjwa, akingoja kina ambacho hakikuja. Kisha akakikunjua.

"Rudia," akasema.