Mtungi Mmoja, Majiko Mawili: Programu ya Ujumbe Inavyofungashwa



Juzi mwanafunzi mmoja wa darasa la jioni alinijia kichwa chini. "Ustadhi, nimeweka programu ya kutumiana ujumbe kwenye ile kompyuta kuukuu, na bando lote limeisha." Kompyuta ile inaendeshwa na Linux, ambayo ni ya ukoo wa Unix, nayo huonyesha maandishi matupu, haina madirisha. Kijana aliagiza Pidgin, ikavuta na maktaba za kuchorea madirisha. Simlaumu, maana hatukumfundisha.

Tazameni muuza gesi hapa Kariakoo. Mtungi ni uleule, lakini mwenye kuchemsha chai tu huchukua kichomeo cha kukaa juu yake, na mama lishe huchukua jiko la pleti mbili na mpira wake. Muuzaji akikataa kutoa mtungi bila jiko kubwa, wengi wetu tungerudi kwenye mkaa.

Pidgin ilianzishwa na Mark Spencer mwaka 1998 kwa jina la Gaim. Jina lilibadilishwa mwaka 2007 kutokana na mvutano na kampuni ya AOL. Mtungi wake unaitwa libpurple: huo ndio unaojua kuzungumza na seva, kutuma na kupokea. Juu yake unaweza kuweka Pidgin, yenye madirisha yaliyojengwa kwa maktaba ya GTK, au Finch, inayoonyesha mazungumzo kwa herufi tu. Zote mbili husoma akaunti zilezile.

Sasa tuje kwa mfungashaji. Katika Debian, kila kifurushi hubeba mafaili ya programu pamoja na karatasi ya maelezo. Karatasi hiyo hutaja vifurushi vingine kwa daraja: Depends ni vya lazima, Recommends ni vile ambavyo watu wengi watavihitaji, Suggests ni vya ziada. Kifurushi cha pidgin kinadai libpurple, na cha finch kinadai libpurple, lakini libpurple haimdai yeyote kati yao. Kazi yote imo katika mwelekeo huo. Mfungashaji angeandika kinyume, kwamba kiini kinadai madirisha, kila mwenye Finch angebebeshwa mzigo wa GTK asioutumia. Tena hitilafu ya usalama ikirekebishwa katika kiini, hubadilishwa kifurushi kimoja na sura zote mbili hupona.

Mfungashaji mwema, hata hivyo, hamwondolei mnunuzi wajibu wa kutazama. Tangu Debian 5.0 ya mwaka 2009, apt huchukua pia vinavyopendekezwa, isipokuwa ukiikataza. Na kabla ya kupakua mzigo huo, huorodhesha vifurushi, hutaja ukubwa wake, kisha huuliza kama iendelee. Kijana wetu alibonyeza Y bila kusoma. (Nami nimewahi kufanya hivyo, zaidi ya mara moja.)

Wazazi watauliza, si kuna simu? Zipo. Lakini Yahoo Messenger ilifungwa mwaka 2018 na ICQ mwaka 2024, na waliozitegemea wakahama. Finch na Pidgin bado zinazungumza XMPP, na seva yake mtu anaweza kuiweka mwenyewe. Yetu iko ofisini. Kompyuta kuukuu sasa ina Finch, ya ofisini ina Pidgin, na wasichana wa ghorofani huniuliza maswali ya somo kwa waya wa humu ndani, bila bando.